Mama Mkwe Kwenye Mstari wa Kura

Ngowa alikuwa mgema, na mgema akiwa juu ya mnazi haoni tembo peke yake. Huona mapaa, huona nyua, huona nani kabisha hodi kwa nani, na nani katoka kwa nani na sahani iliyofunikwa. Mtaa wa Makutini, huko Changamwe, ulikuwa na minazi kila pembe, na Ngowa aliipanda yote asubuhi na jioni, kisu chake cha kotama kiunoni na kibuyu mgongoni. Mambo ya mtaa ule aliyajua kuliko waliokuwa wakiyafanya. Kuna siku, watu husema, alimwita mtu kutoka juu ya mnazi, "Fanya haraka, bwana, wali wako unaungua!" na yule mtu alikuwa bado yuko gatini Kilindini akishusha magunia. Alipofika nyumbani akakuta ukoko.

Basi mwaka wa arobaini na nane, vita vimekwisha na watu wamerudi, ikaja habari kwamba serikali inataka Makutini ichague mtu mmoja wa kuingia katika baraza la wenyeji. Si jambo kubwa, baraza lenyewe lilikuwa la kukaa na kusikiliza. Lakini huyo atakayechaguliwa ndiye atakayeonyesha mahali pa kuweka bomba la maji. Bomba moja, mtaa mzima.

Waliojitokeza walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Gershom, karani wa reli, Mkristo wa Rabai, mwenye kaptula iliyonyooshwa pasi hata inzi akitua kwenye mkunjo wake alikatika mguu. Yeye alisema bomba litakaa Chini, karibu na bonde. Wa pili alikuwa Mzee Mwidani, Mwislamu mwenye duka, mtu wa kanzu safi na maneno ya taratibu. Yeye alisema bomba litakaa Juu, mbele ya duka lake.

Watu wakasema mambo ni wazi: wa kanisani watamfuata Gershom, wa msikitini watamfuata Mwidani. Ngowa akacheka huko huko juu ya mnazi mpaka nusura amwage kibuyu. Yeye alikuwa ameona jambo jingine. Alimwona Mwanatabu muuza mahamri, mwanamke asiyekosa swala hata moja, akipanda kutoka bondeni na mtungi huku kashika goti. Huyo anakaa Chini, basi ni wa Gershom. Alimwona Ruwa, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kengele, nyumba yake ukuta kwa ukuta na duka la Mwidani. Huyo anakaa Juu, basi ni wa Mwidani, na Jumapili ataomba toba.

"Watu wa mtaa huu," Ngowa akamwambia Gershom, "hawachagui dini. Wanachagua magoti yao. Na Chini kuna magoti mengi. Umeshashinda, bwana."

Alikuwa na sababu yake ya kumpigania Gershom hivyo. Sababu hiyo ilikuwa inamngoja nyumbani, imekaa juu ya mtungi mtupu.

"Ngowa," mkewe Kahaso akasema.

"Naam, mke wangu."

"Waiona shingo yangu hii?"

"Naiona. Shingo nzuri."

"Ilikuwa nzuri. Nilipokuja kwako ilikuwa kama ya twiga. Mitungi ya kisima cha bondeni imeishindilia mpaka imekuwa ya kobe. Sikiliza nikwambie. Bomba likija Chini, mimi na wewe tutazeeka pamoja. Bomba likienda Juu, narudi kwa mama. Wala usitume mtu kunibembeleza. Ukinitaka, uje mwenyewe unichukue."

Ngowa akahisi baridi, na ilikuwa mwezi wa pili, jua la kukaanga samaki.

Kwa mama! Angeambiwa Kahaso anakwenda Burma, angemfuata. Lakini kwa watu wa kina Ngowa, mama mkwe hatazamwi usoni, hakaliwi naye mkeka mmoja, hapitwi karibu. Ukimwona njiani, unaiacha njia. Kumgusa, hata kwa pindo la nguo, ni aibu ya kusimuliwa mpaka kwa wajukuu. Safari moja Ngowa alikutana na mkwewe kwenye kichochoro chembamba, akaparamia mnazi uliokuwa jirani. Mkwe akasimama chini ya mnazi ule ule kuongea na Mwanatabu. Waliongea tangu asubuhi mpaka adhana ya alasiri, na Ngowa juu, kakumbatia makuti. Alipoteremka, tembo lilikuwa limeshachacha, na yeye pia.

Na mkwe mwenyewe si mtu wa kujificha. Jina lake Nyevu, mjane mwenye nyumba kubwa kuliko zote Makutini na sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji. Mungu alimjaalia mabinti saba, na wote saba aliwaoza humo humo mtaani, kwa kuwa hakutaka mtoto aende mahali ambapo yeye hatasikia akigombana na mumewe. Kwa hiyo palikuwa na wanaume saba Makutini waliokuwa hawakati kona bila kuchungulia kwanza.

Lakini Nyevu alimpenda Gershom na hakuficha. Ngowa akapiga hesabu yake: mama huyu akionekana mbele kabisa, bega kwa bega na Gershom, nani atathubutu kwenda kwingine? Akamtuma Kahaso. Nyevu akajibu kwamba atakuja mapema na leso mpya. Ngowa akalala usingizi mnono. Alidhani itakuwa kama baraza zote, watu wananyosha mikono, na mkono unaweza kuunyosha hata ukiwa nyuma ya boma la miti.

Siku ikafika. Wenye nyumba wote, wanaume kwa wanawake, wakakusanyika uwanjani karibu na stesheni. Akaja Bwana Shauri, ofisa wa serikali, Mzungu kijana mwenye magoti mekundu kama kamba wa kuchemsha, na askari wake mrefu. Akapanda juu ya kreti.

"Kila mutu ya nyumba nasimama nyuma ya bwana yake!" akapiga kelele. "Mukono moja nashika bega ya mutu ya mbele! Hapana achia! Mutu nasimama kando, naenda fagia soko!"

"Kiswahili gani hicho?" Mwanatabu akanong'ona.

"Kimekuja na treni kutoka bara," mtu wa nyuma akamjibu. "Njiani kimeangusha nusu ya mizigo."

Askari akaeleza kwa lugha ya watu. Mtaa mwingine, alisema, walijipanga vizuri, wakahesabiwa, kisha waliohesabiwa wakazunguka nyuma ya vibanda wakahesabiwa tena upande wa pili, mpaka kura zikawa nyingi kuliko watu, kuku na mbuzi wakijumlishwa. Ndiyo maana ya kushikana mabega. Atakayeachia hahesabiwi mpaka ashike tena. Atakayekaa pembeni atapewa ufagio.

Nyevu hakungoja aambiwe mara mbili. Akajifunga leso yake sawasawa, akaenda akamtia Gershom kiganja begani kwa nguvu hata pasi yote ya shati ikafa. Nyuma yake Mwanatabu akashika. Nyuma ya Mwanatabu wakashika wengine. Ngowa akaja mbio, meno yote nje, akanyosha mkono amshike mtu wa mwisho.

Mkono ukasimama hewani.

Yule mtu kamshika mwenzake, mwenzake kamshika Mwanatabu, Mwanatabu kamshika mkwe. Bega kwa mkono, mkono kwa bega, kama waya wa simu! Aibu ingesafiri kutoka mgongo wa mkwe mpaka kiganjani mwake kabla hajapepesa macho. Ngowa akaurudisha mkono taratibu, akajikuna nao kichwa.

Akageuka. Nyuma yake walikuwa wamesimama wanyumba wake sita, waume wa dada zake Kahaso, wote wanajikuna vichwa.

"Randu," Ngowa akamwambia mmoja wao, aliyekuwa askari wa vita, "wewe tangulia. Wewe umepigana Burma."

"Mwanyumba," Randu akasema, "mimi Mjapani nilimfuata mpaka kichakani kwake. Lakini mstari ule, haki ya Mungu, siukanyagi."

"Nyinyi saba hapo!" askari akaunguruma. "Mstari au ufagio?"

Wakatazamana. Mistari ilikuwa miwili tu. Mmoja una mkwe. Wakainamisha vichwa, wakaenda mmoja mmoja kama wanaopelekwa jela, wakamshika Mzee Mwidani na watu wake.

"Karibu, karibu sana Ngowa!" Mwidani akaita kutoka mbele, uso umemkunjuka. "Wallahi nilijua moyo wako uko kwangu!"

"Moyo haupo, Mzee Mwidani," Ngowa akajibu. "Imekuja miguu tu."

Na balaa halikuishia hapo. Watu wa Chini waliokuwa bado wamesimama wakijifikiria, walipowaona wanaume saba wazima wa Chini wakienda kwa Mwidani, na kati yao Ngowa, ambaye kila mtu alijua ndiye bingwa wa Gershom, wakaambizana: "Kuna jambo hawa wanalijua." Nao wakafuata. Mstari wa Mwidani ukarefuka, ukapinda, ukafika kwenye tangi la maji la stesheni. Mstari wa Gershom ulikuwa mfupi, ungeweza kuufunika kwa mkeka mmoja.

Kahaso alikuwa pembeni na wanawake wasio na nyumba zao. Hakulia wala hakugomba. Alimwita tu mumewe kwa sauti tamu:

"Baba Tsuma! Nianze kuifunga mitungi?"

Bwana Shauri alikuwa bado anafuta miwani yake, hajaanza kuhesabu. Ngowa akaona kama si sasa hakuna tena. Akamwomba askari ruhusa akajisaidie, akaonyesha na tumbo. Askari akamwachia. Ngowa akazunguka nyuma ya kreti, akavuta shuka mpaka puani, akaanza kwenda kinyumenyume kuelekea upande wa mkwewe, hatua ndogo ndogo, mpaka akamkanyaga mbuzi wa bwana stesheni aliyekuwa amelala kivulini.

Mbuzi akalia. Ngowa akashukuru. Alikuwa amepata mtu wa kuzungumza naye.

"Wewe mbuzi," akasema kwa sauti ya kusikika, mgongo kwa mkwe. "Mbuzi mwenye heshima zako. Shikamoo."

Nyevu hakugeuka. "Mbuzi," naye akasema, akitazama mbele, "mwambie huyo aliyekuamkia, marahaba. Na mwambie aseme upesi, jua lanichoma."

"Mbuzi, wewe ni mkubwa wetu. Lakini ukisimama hapo ulipo, kuna watoto wako saba hawawezi kuja malishoni. Tungekuomba, kwa huruma zako, uende nyumbani ukapumzike."

"Mbuzi! Mwambie nyumba ile kodi yake nailipa mimi. Miaka yote hii hakuna Mzungu aliyeniuliza nataka nini. Leo nimeulizwa, halafu niende nikalale?"

Mwanatabu akauma ncha ya leso asicheke.

"Mbuzi," Ngowa akasema, jasho linamtoka, "bomba litakwenda Juu."

"Mbuzi, nina macho."

"Na binti wa watu amesema bomba likienda Juu, anarudi kwa mama yake. Leo leo."

Hapo Nyevu akasahau mbuzi, akasahau na heshima, akasema kwa mshangao wake mwenyewe:

"Arudi kwangu? Kahaso? Na mitungi yake? Na watoto wake wanne?"

Mbuzi akatafuna.

"Mbuzi," Nyevu akajirekebisha, "yule mtoto anakoroma tangu ana miaka miwili. Siku alipoolewa ndipo mimi nilipoanza kuujua usingizi. Hapana. Hapana, hapana, hapana."

Akauinua mkono wake kutoka begani kwa Gershom.

"Mama Nyevu!" Gershom akaruka. "Waenda wapi? Usiniache, mama!"

"Nyamaza, Gershom. Nakwenda kukutafutia kura."

Akakata uwanja. Hakukimbia. Alitembea kama wanavyotembea mama wa harusi, leso ikipepea, moja kwa moja mpaka katikati ya mstari wa Mwidani, pale walipokuwa wamejibanza wakwe zake sita. Akanyosha mkono, kiganja kimefunguka, kuelekea bega la Randu.

Wasimulizi wa Makutini hawakubaliani kilichotokea hapo. Wako wanaosema Randu aliruka juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa mbele yake. Wako wanaosema alipita chini ya miguu yake. Lakini wote wanakubaliana kwamba kabla kiganja hakijatua, wanaume sita walitawanyika kama vifaranga waliomwona mwewe, ndara zimebaki, kofia zimebaki, mmoja ameacha hata kikohozi katikati.

"Mstari au ufagio!" askari akaunguruma.

Mistari ilikuwa ile ile miwili. Na mmoja sasa ulikuwa na mkwe. Wakakimbilia kwa Gershom, na walipofika wakamkuta Ngowa ameshatangulia, kashika bega la mtu kwa mikono miwili.

Na wale waliowafuata mwanzo? Mmoja akauliza, "Wanakimbia nini?" Mwenzake akamjibu, "Sijui, lakini watu sita hawakimbii bure!" Nao wakang'oka. Mstari wa Mwidani ukakatika katikati kama mkufu, shanga zikabingirika mpaka kwa Gershom.

"Nini hii?" Bwana Shauri akapiga kelele, miwani mkononi. "Watu nakimbia nini?"

Askari, ambaye naye alikuwa ameoa pwani hii hii, akapiga saluti.

"Mama mkwe, Bwana."

"Mama mkwe? Hiyo chama gani?"

"Chama kikubwa sana, Bwana."

Wakahesabiwa. Gershom akashinda kwa watu watatu. Akabebwa juu juu, na kaptula yake ikapata mikunjo mipya ambayo pasi haikuwahi kuitoa. Nyevu alikuwa bado amesimama mwisho wa mstari wa Mwidani, kiganja begani kwa Ruwa mzee wa kanisa, ametulia kama mtu aliyemaliza kupika.

Mzee Mwidani akamjia. Hakuwa na kinyongo. "Basi angalau wewe umenichagua, Bi Nyevu."

"Nimekuchagua, ndugu yangu. Mbele ya watu wote. Mtu asije akakwambia vingine."

Bomba likaja. Halikuja kesho wala mwezi ule, likaja kwa mwendo wa serikali, lakini lilikuja, na likasimikwa Chini, hatua chache tu kutoka mlangoni kwa Ngowa, na sakafu yake ya saruji. Siku lilipofunguliwa, Kahaso aliingiza kichwa chini ya maji na kucheka kama msichana. Akaipasua kata yake ya kichwani ya kubebea mitungi akawashia moto. Mtaa mzima ukasema shingo yake imeanza kurefuka. Ngowa akapanda minazi siku hiyo akiimba.

Alfajiri ya siku ya pili akachukua kotama na kibuyu, akafungua mlango aende kazini. Akaufunga tena upesi, akauegemea kwa mgongo.

"Kuna nini?" Kahaso akauliza.

"Kuna mama yako. Amekaa kwenye saruji ya bomba."

"Amekuja kuteka maji."

"Kwa birika la chai?"

"Ameanza na birika."

Maji, Nyevu alikuwa akiletewa na wajukuu, ndoo kwa ndoo. Lakini habari haziletwi kwa ndoo. Wanawake wote wa Chini, na wengi wa Juu, walikuwa sasa wanakutana pale, na yeye ndiye aliyewapokea. Alikuja jua halijachomoza na akaondoka limesimama utosini. Kila asubuhi Ngowa akawa mfungwa ndani ya nyumba yake. Akajaribu kutokea kidirisha cha nyuma, akakwama kiunoni, ikabidi Randu aitwe kumvuta kwa mikono, na Randu mwenyewe alikuja kwa kutambaa. Kibuyu kilichokuwa juu kikajaa, kikafurika. Tembo likadondoka minazini bila mwenyewe, na kunguru wa Changamwe wakalionja. Kwa muda wa majuma mazima kunguru wale walikuwa wakiruka upande upande, na wengine walipotea njia, wakaonekana Miritini wakiwaamkia watu.

Wanyumba wake sita nao hawakuwa na nafuu, maana njia ya kwenda kazini ilipita pale pale penye bomba.

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba baraza litachaguliwa upya, wanaume saba walipanda kwenda Juu jioni moja, wakabisha hodi dukani. Mzee Mwidani akawatazama juu ya miwani yake.

"Nyinyi. Mlinikimbia uwanjani kama ninanuka."

"Mzee Mwidani," Ngowa akasema, kofia mkononi, "ule mpango wako wa bomba kukaa Juu. Tumeufikiria sana. Ni mpango wa maana. Safari hii tuko nawe, na si miguu peke yake."

"Alaa! Na mama yenu atasimama wapi?"

"Kwa Gershom!" wakaitika wote saba kwa sauti moja.

Mwidani akacheka mpaka akashika meza. Kisha akajikaza, kwa kuwa alikuwa mtu mwenye huruma.

"Lakini Kahaso, Ngowa. Si alisema bomba likienda Juu atakuacha?"

Ngowa akaangalia huku na huku, akamsogelea.

"Kahaso ndiye aliyenituma," akasema. "Mama yake ameanza kuingia jikoni kumwonjea mchuzi."